Kijiko cha Chiriku

3 Machi

Mdogo wangu,

Kwanza pumua. Mwanao amefika, amekula, amelala, na tangu alipoamka hajafunga mdomo. Sasa naelewa kwa nini ulimbandika jina la Chiriku. Ameshamuuliza shemeji yako kwa nini kichwa chake hakina nywele katikati, na mteja wangu mmoja aliyekuja kupima gauni ameambiwa tumboni ana mtoto. Hana. Gauni hajalifuata mpaka leo.

Nimempangia kitanda chumba cha cherehani, karibu na dirisha. Unajua nyumba hii ilivyokuwa kimya miaka yote. Jana nimejikwaa kwenye kiatu chake pale mlangoni, nikasimama tu nakiangalia, machozi yakanilengalenga. Nimemshukuru Mungu kwa njia aliyoichagua, ingawa si ile niliyokuwa nikimwomba.

Sasa nina swali, na usinicheke. Hii dawa yake ya kifafa, kijiko cha jioni, wewe unamnyweshaje? Juzi na jana tumevutana kidogo. Si sana. Nadhani ni ugeni tu. Ila niandikie, maana mimi ndiyo kwanza naanza darasa hili na wenzangu wote walishamaliza.

Kwa kuwa huko kambini kwenu simu haishiki, barua nampa dereva wa lori la saruji kama tulivyokubaliana. Anasema mafundi wa barabara hawaongei kitu ila mapishi yako.

Dada yako

*

16 Machi

Dada,

Barua imefika na vumbi la saruji. Nimeibusu hivyo hivyo, nikakohoa mpaka jioni.

Kuhusu dawa, mbona kazi ndogo! Kwangu anafungua mdomo kama kifaranga. Namwambia ni asali, anameza, na kijiko analamba. Labda anakupima tu. Watoto wana akili, wanajua nani mama na nani mgeni. Si unajua wanavyosema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mshikilie kidogo, atazoea.

Mwanzoni mwa mwezi ujao ana siku ya kliniki. Watamtoa damu waone kama dawa iliyomo mwilini inatosha. Usimwambie mapema, atakusumbua njia nzima. Mwambie mnakwenda matembezi.

Nakutegemea, Dada. Kila nikikoroga masufuria haya makubwa namwona kwenye mvuke. Unakumbuka alivyoanguka jikoni kwangu, hatua moja kutoka kwenye moto. Kijiko kile cha jioni ndicho kinachomshikilia asianguke tena. Nikijua anakinywa, nalala.

Mdogo wako

*

5 Aprili

Mdogo wangu,

Lala usingizi wako. Dawa anakunywa. Ulivyosema ni kweli, ilikuwa ni kuzoea tu. Chupa ya kwanza imekwisha na nimeshafuata ya pili.

Kliniki tumekwenda. Damu wamemtoa. Alilia kidogo, ni mtoto. Majibu tutaitwa.

Mimi mzima, ila siku hizi usingizi umenivamia. Jumapili nimesinzia nimesimama, katikati ya kwaya, na mwalimu akasimamisha wimbo: "Sauti ya pili, leo tunaimba au tunakoroma?" Watu wakacheka mpaka mchungaji. Juzi nimeunguza suruali ya mteja, pasi nimeishika mkononi na macho nimeyafumba. Shemeji yako anasema ni umri. Nikamwambia umri wenyewe ni wangu, mbona unaujua wewe.

Chiriku amepunguza maneno kidogo. Anakua, nadhani.

Dada yako

*

18 Aprili

Dada,

Dereva ameniambia jambo kwa kujiumauma. Anasema alipokuja kuchukua barua yako alimkuta mwanangu na plasta kwenye paji la uso. Akamuuliza, "Umefanya nini, mrembo?" Mtoto akamjibu, "Hairuhusiwi kusema."

Hairuhusiwi na nani? Ameanguka? Na huyo ni Chiriku gani asiyesema? Mtoto wangu alimwambia mgeni wa watu rangi ya chupi ninayovaa!

Niandikie kila kitu, hata kama ni kibaya. Na wewe huo usingizi nenda ukapime sukari. Usijifanye chuma.

Mdogo wako

*

29 Aprili

Mdogo wangu,

Ni kweli, ameanguka. Ilimkuta amesimama karibu na cherehani, akajigonga kwenye ukingo wa meza. Haikuchukua muda. Kidonda kimefunga. Sikukuandikia kwa sababu ungefanya nini ukiwa huko, zaidi ya kuunguza chakula cha watu. Hilo la "hairuhusiwi" ni mchezo wetu tu, usilitie maanani.

Kuna jambo kubwa zaidi. Majibu ya damu yametoka. Daktari anasema dawa haionekani kabisa kwenye damu yake, ni kama hajainywa. Aliniuliza kama anakunywa yote. Nikasema anakunywa yote. Akaangalia kumbukumbu zake, akaona chupa zinakwisha kwa wakati. Basi anasema huenda mwili wa mtoto unaimaliza haraka, na anataka kuiongeza iwe maradufu. Kwa kuwa mimi si mama mzazi, anataka kibali chako kwa maandishi.

Niandikie unavyoona. Na uniombee.

Dada yako

*

10 Mei

Dada,

Waongeze. Mimi ni mpishi, najua chumvi tu, dawa anaijua daktari. Kibali hiki hapa, nimekitia sahihi mbele ya msimamizi wa kambi.

Nimelia, halafu nikamshukuru Mungu. Ningekuwa nimemwachia mtu mwingine yeyote ningesema labda hampi hiyo dawa, labda anaimwaga. Kwako wewe hata wazo hilo haliji. Mungu akuweke.

Mdogo wako

*

19 Mei

Mdogo wangu,

Isome ukiwa umekaa, na ukimaliza usinihurumie.

Chiriku hanywi dawa. Hajainywa tangu alipofika kwangu. Ninayeinywa ni mimi.

Nilijaribu ulivyoniambia. Nilimwambia ni asali, akalamba ncha ya kijiko, akaniangalia kama mtu aliyetapeliwa sokoni. Nikamshikilia. Nilimbana pua nikamimina, ikampalia, akakohoa mpaka macho yakamtoka, nikamwachia. Kesho yake nikashika njia nyingine. Nikainywa mimi mbele yake, nikasema, "Mmm, tamu!" Akacheka sana. "Basi kunywa yote, Mama Mkubwa. Mimi kesho." Nikanywa yote. Kesho yake akasema kesho. Kuimwaga niliona dhambi, maana najua unasimama juu ya moto gani kwa ajili ya mtoto huyu. Kuirudisha kliniki chupa imejaa niliona aibu. Basi kila jioni nikawa nameza dawa ya kifafa ya mtoto wa miaka minne, naye ananiangalia. Usingizi ule ulioniambia nikaupimie sukari, sasa unajua ulikotoka.

Halafu ikaja siku ya kliniki. Nikamwambia tunakwenda kumwona mtoto mchanga. Akavaa gauni lake zuri, akachukua na biskuti ya kumpelekea huyo mtoto. Tulipofika mlangoni akaona sindano kwenye sinia. "Watanichoma?" Nikasema hapana. "Sema haki ya Mungu." Mdogo wangu, nikasema. Mimi ninayefundisha watoto wa watu amri za Mungu kila Jumapili, nikasema haki ya Mungu hawatakuchoma. Dakika ile ile tukamkamata, mimi na wauguzi na mlinzi wa getini, tukamlaza chini kama mbuzi. Hakuwa akimwangalia mwenye sindano. Alikuwa ananiangalia mimi.

Tangu siku hiyo tukisali pamoja jioni, mimi nasema sala, yeye hajibu Amina. Anafunga midomo, kama anavyoifungia dawa. Na mimi sikuwa na uso wa kumwambia "fungua". Nikaendelea kuinywa. Nikamwambia ni siri yetu, tusimwambie mtu, hata mama. Chiriku wako hakupunguza maneno kwa kukua. Mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza.

Kwa nini sikukuandikia? Ulisema kwako anafungua mdomo kama kifaranga. Nililisoma neno hilo, nikasoma na lile la uchungu wa mwana, nikaona midomo ya watu wote wanaosema Mungu ananijua ndiyo maana hakunipa. Nikaona nikikiri kwamba kijiko kimoja kimenishinda nitakuwa nimewapa haki. Hiyo si sababu, ni aibu tu, na nimeitunza aibu hiyo kuliko nilivyomtunza mwanao. Akaanguka kwa sababu yangu. Kovu lile ni langu.

Jana nilikwenda na kibali chako mkobani. Nilidhani nitakitoa, nipewe chupa kubwa zaidi, nirudi nyumbani nikafikirie. Ndivyo nilivyokuwa nimejidanganya njiani. Daktari akakisoma, akachukua kalamu, akauliza kwa desturi tu, wala hakuinua macho:

"Na anaendelea kuinywa yote?"

Nikasikia maneno yako yananiita jina, kwamba kwangu hata wazo haliji. Nikasema, "Daktari, ukitaka kuikuta hiyo dawa, pima damu yangu."

"Sijakuelewa, mama."

Nikamweleza. Muuguzi aliyekuwa anapanga mafaili akajiziba mdomo, nadhani kicheko kilimtoka kabla hajajua. Chiriku alikuwa amesimama pembeni. Akapiga kelele: "Tulisema hatumwambii mtu! Mama Mkubwa, tulisema!" Akalia kwa uchungu ambao hakulia hata siku ya sindano. Kwake ilikuwa ni mara ya pili nimevunja neno. Nikatamani sakafu inimeze na viatu vyangu.

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba angeandika dawa maradufu, na siku moja mtoto akakubali kuinywa kama ilivyoandikwa, angeweza kulala asiamke. Akaichana ile karatasi taratibu, akaweka vipande kwenye pipa. Amesema tuanze upya, kipimo kile kile cha zamani, kisha apimwe damu tena. Mimi nimekatazwa kuinusa.

Kibali chako nimekirudisha humu. Ukitaka kuja kumchukua, njoo. Nguo zake nimezifua na kuzikunja. Sitakuwa na neno.

Dada yako, ukipenda kuniita hivyo bado

*

6 Juni

Dada,

Nimekasirika mpaka mafundi wamekula wali mbichi na hakuna aliyethubutu kusema. Mwanangu anapasuka uso, wewe unaona haya! Haya ya nini? Ya nani? Nilifunga begi, nikaenda kukaa kwenye lori kabla hata saruji haijashushwa. Dereva akanikuta humo. "Unakwenda kumfanya nini dada yako?" Nikamwambia, "Nitajua nikifika." Akawasha gari. Akangoja. Nikashuka.

Nimeshuka kwa sababu hii, nayo sijawahi kumwambia mtu.

Kwangu hakufungua mdomo kama kifaranga. Nilikuwa namviringisha kwenye shuka, mikono ndani, namkalia miguu, namimina. Anatapika. Namimina tena. Jirani alishagonga mlango akidhani nampiga, nikamwambia mtoto anaogeshwa. Siku ile alipoanguka jikoni, dawa ya jana yake sikumpa. Nilikuwa nimechoka kupigana, nikasema leo tupumzike. Karibu aungue kwa ajili ya kupumzika kwangu.

Uliponiuliza unamnyweshaje, niliona haya kukuandikia habari za shuka, wewe mtu wa Mungu. Nikaandika habari za mama niliyetamani kuwa. Sikujua nakupiga nazo. Na ile methali, Dada, kalamu iliteleza kwenda mahali inapopajua. Wewe ndiye uliyenifunga kamba za viatu mpaka darasa la tatu. Nisamehe hilo.

Mimi sijakusamehe yote. Yale ya kumfundisha kuficha yananiuma kuliko kovu. Yatachukua muda, usinisukume. Ila siji kumchukua. Nimchukue nimpeleke wapi, kwa yule mwanamke wa shuka?

Huyo muuguzi aliyecheka, muulize inafanywaje. Sijui kwa nini, lakini namwamini. Kisha uniandikie kila kitu, pale panapoharibika hasa. Na mimi nataka kujifunza.

Mdogo wako

*

28 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako naibeba kwenye mkoba wa vipimo. Nikiwa peke yangu naisoma pale pa shuka, si kwa ubaya, ila nijue hatukuwa mbali sana mimi na wewe.

Muuguzi nilimfuata. Alianza kwa kuniomba radhi kwa kile kicheko, nikamwambia hata mimi ningecheka kama yasingekuwa yangu. Akasema, "Mama, usimwambie ni asali. Asali anaijua." Ndilo lilikuwa la kwanza. La pili, nisimuulize kama atakunywa, maana akisema hapana nitakuwa nimemdanganya kwa kumuuliza. Nimuulize atainywa kwa kitu gani: kwa kijiko, au kwa lile bomba dogo lisilo na sindano. Kuchagua kuwe kwake, kunywa kuwepo tu. Dawa iingie pembeni mwa shavu, kidogo kidogo, akae wima mapajani, na maji baridi yawe karibu.

Usidhani ilikwenda kama maji. Mara ya kwanza aliitema kwenye gauni la bibi harusi wa watu, nikakata upande mzima na kushona upya. Lakini jioni moja alisema, "Ni chungu." Nikasema, "Ni chungu kweli. Mwanzo ina utamu wa uongo, halafu inakwaruza koo, halafu ulimi unakuwa kama umelamba chuma." Akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kunitazama kama mtu anayejua anachosema. Akachagua bomba. Akameza nusu. Nusu nyingine tulingoja, na shemeji yako akaungoja pia wali wake.

Muuguzi alisema tumchezeshe kupima damu kabla ya siku yenyewe. Nikamshonea mwanasesere kwa vipande vya vitambaa, mkono mmoja nikauwekea mshono mwekundu mahali pa sindano. Sasa sikiliza. Niko kwenye cherehani, yeye yuko chini nyuma yangu, namsikia: "Haiumi, mwanangu. Haki ya Mungu haiumi." Kwa sauti yangu, mdogo wangu. Hata ile namna yangu ya kukohoa kabla ya kusema. Kisha akamdunga mwanasesere kwa nguvu zake zote. "Umeona? Nyamaza."

Mguu wangu ukaganda kwenye kanyagio. Sijawahi kuhubiriwa hivyo.

Nikashuka chini, nikakaa sakafuni kati ya vitambaa. Nikamwambia, "Mama Mkubwa alisema uongo siku ile. Na akamtaja Mungu juu ya uongo wake."

"Mungu alikasirika?"

"Nadhani alisikitika."

"Mimi nilikasirika," akasema.

"Najua."

"Na siri umesema."

"Ile haikuwa siri ya kumpa mtoto. Nilikosea kukupa."

Akafikiri. Akamgeuza mwanasesere, akamfuta mkono. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza. Nimejifunza kutouliza swali nisiloweza kupokea jibu lake.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya damu. Nilimwambia tangu asubuhi, kinyume cha ulivyoniandikia siku zile. Na ulisema kweli, alinisumbua njia nzima.

"Itauma?"

"Itauma."

"Sana?"

"Kama siafu aking'ata. Halafu inapoa."

"Naweza kulia?"

"Lia unavyotaka. Ila mkono usiutoe."

"Wewe utanikamata?"

"Nitakupakata tu. Mkono utaushika mwenyewe."

Alichagua wa kushoto. Alikaa mapajani pangu, akampa muuguzi mwanasesere aanze naye, kisha akaunyoosha wa kwake. Sindano ilipoingia alipiga ukelele, yule mlinzi wa getini akachungulia, akadhani anahitajika tena. Hakuhitajika. Mkono ulitetemeka wote mpaka kwapani, lakini pale alipouweka ndipo ulipobaki. Mimi ndiye niliyekuwa nimefumba macho. Naye akanambia, katikati ya machozi, "Mama Mkubwa, fumbua, karibu inaisha."

Safari hii daktari aliagiza majibu yatoke leo leo, tumengoja mpaka mchana. Dawa imo, inatosha, haiongezwi. Daktari ameniambia, "Leo tumeikuta kwa mwenyewe." Nikainamisha kichwa. Nadhani nitakuwa nikikiinamisha mbele yake siku zote, na ni sawa.

Utakapopata likizo njoo, tukae sisi wawili, uniseme ana kwa ana. Sitajitetea. Lakini kwanza nikumalizie leo.

Tulipotoka nilimnyooshea mkono. Hakuushika. Amekuwa hivyo tangu siku ya kwanza ya kliniki, anatembea mbele yangu na mimi namfuata kama mtumishi wake. Sikumlazimisha. Alikwenda hivyo kijia chote cha hospitali, kipamba kimebandikwa mkononi, bila kugeuka. Tulipofika barabarani, pale magari yanapopita kwa fujo, akasimama pembeni. Akaangalia nyuma. Akaningoja.

Dada yako